Siku ya 14 ya kiinitete: wanachogombania wanasayansi na wabunge ni nini hasa?

Kwa zaidi ya miaka 30 sheria ya Uingereza imeweka mpaka mmoja usiovukwa: kiinitete cha binadamu kilichotungwa maabara hakiruhusiwi kuendelea kukua humo baada ya siku 14. Nchi nyingi zimeufuata mpaka huo, baadhi kwa sheria na baadhi kwa miongozo ya kitaaluma. Sasa umeanza kutikisika. Mwaka 2023 Baraza la Afya la Uholanzi lilishauri usogezwe hadi siku 28, na mwaka uliofuata HFEA, mamlaka ya Uingereza inayosimamia tiba ya uzazi na utafiti wa viinitete, nayo ikaafiki siku hizo 28. Mamlaka hizo hushauri tu. Wenye neno la mwisho ni wabunge.

Ukizisikia habari hizi juu juu utadhani watu wanapatana bei sokoni: huyu anasema 14, yule anasema 28. Lakini nambari hiyo haikuokotwa. Siku ya 14 ndipo kiinitete kinapopata kichwa na mkia, yaani mwili unajua upande gani ni juu na upande gani ni chini. Kazi hiyo hufanywa na protini chache ambazo seli hupelekeana mithili ya barua. Tumeona tulieleze tukio hilo kwa kina, kwa sababu humo ndimo lilimo tundu la sheria, nalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko hesabu ya siku.

Mstari kwenye kiini cha yai

Tuanze na yai la kuku wa kienyeji, lile lililopata jogoo. Juu ya kiini cha njano kuna doa dogo jeupe. Doa hilo ni kisahani cha maelfu ya seli zinazofanana, na ukikitazama huwezi kusema mdomo utatokea wapi. Kuku akianza kuatamia, kabla siku ya kwanza haijaisha unatokea mstari mwembamba unaoanzia ukingoni na kuelekea katikati. Ulikoanzia ndiko kwenye mkia. Unakoelekea ndiko kwenye kichwa. Pande zake mbili ndizo kulia na kushoto.

Kwa binadamu ni vivyo hivyo. Mwishoni mwa wiki ya pili tangu yai lirutubishwe, kiinitete ni kisahani kisichozidi milimita moja, na juu yake unajitokeza mstari kama huo. Sisi tutauita mstari wa mwanzo. Kabla yake hakuna moyo, hakuna neva, wala hakuna mahali palipotengwa kwa ajili yake.

Nani huamua mstari uanzie wapi? Seli zote zina jeni zilezile, hivyo ramani haiwezi kuwa ndani ya seli moja pekee. Jibu ni kwamba seli husikilizana na jirani zake. Baadhi hutoa protini, nayo husambaa: nzito karibu na inapotoka, nyepesi kadiri unavyokwenda mbali. Fikiria nyumba iliyofukizwa udi. Chumba chenye chetezo kinanukia sana, ukumbini harufu ni ya wastani, uani huisikii. Mtu aliyefungwa kitambaa machoni anaweza kukisia yuko wapi kwa pua yake tu. Seli nayo hupima kiasi cha protini kilichoifikia, kisha huwasha jeni zinazolingana na mahali hapo.

Ushahidi wa kwanza ulio wazi ulitoka kwa nzi wadogo wanaozonga ndizi mbivu. Mwaka 1988 maabara ya Christiane Nüsslein-Volhard huko Tübingen, Ujerumani, ilionyesha kwamba nzi jike huweka maagizo ya protini iitwayo bikoidi kwenye ncha moja ya yai. Ncha hiyo huwa kichwa. Jike mwenye hitilafu kwenye jeni hiyo hutoa viinitete visivyo na kichwa wala kifua, na pale palipotakiwa kuwa kichwani pana dalili za mkia. Mwaka 1995 Nüsslein-Volhard alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Eric Wieschaus na Edward Lewis kwa kazi yao ya jinsi jeni zinavyopanga mwili wa nzi huyo.

Mwanafunzi wa Freiburg

Hata hivyo, jaribio ambalo kila mtaalamu wa fani hii hulirudia kulisimulia ni la zamani zaidi. Hilde Mangold alikuwa mwanafunzi wa Hans Spemann katika Chuo Kikuu cha Freiburg. Alichukua viinitete vya salamanda, mnyama wa jamii ya chura mwenye mkia, wa spishi mbili: mmoja mweupe na mwingine wa rangi iliyokolea. Kutoka kwa mweupe alikata kipande kidogo sana, sehemu ya juu ya tundu ambalo seli hupitia kujikunjia ndani, akakipandikiza upande wa tumbo wa mwenzake.

Tumboni hapo pakaota mwili wa pili, wenye uti wake wa neva na misuli yake, ukiwa umeungana na ule wa kwanza. Rangi ndiyo iliyofichua siri. Sehemu kubwa ya seli za mwili wa pili hazikutoka kwenye kipande kilichopandikizwa. Zilikuwa za mwenyeji, seli ambazo zingekuwa ngozi ya tumbo, zikaamriwa kuwa mgongo na zikatii.

Ripoti ilitoka mwaka 1924. Mwaka huohuo Mangold alifariki akiwa na umri wa miaka 25 kutokana na ajali ya moto jikoni kwake. Spemann alipewa Nobel mwaka 1935. Tuzo hiyo haitolewi kwa marehemu, lakini wanabiolojia hadi leo hukiita kipande kile kwa majina ya wote wawili.

Amri yenyewe ilikuwa nini? Ilichukua karibu miaka 70 kuipata, na ilipopatikana iliwashangaza wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 maabara za California zilitambua protini mbili zinazotolewa na kipande kile, nogini na kodini. Zote mbili hazimwambii mtu "kuwa mgongo." Kazi yake ni kuzuia. Kiinitete kizima kimejaa protini nyingine, BMP, inayoziambia seli ziwe ngozi na tumbo. Nogini na kodini huikamata BMP njiani kabla haijafika. Pale ujumbe wa BMP usipofika, seli hugeuka kuwa mgongo, uti na ubongo. Kwa maneno mengine, ubongo wako ulianzia mahali palipoachwa kwenye utulivu.

Mhimili wa kichwa hadi mkia nao una mchezo unaofanana. Protini za kundi la Wnt hujaa upande wa mkia, na upande wa kichwa lazima zizuiwe. Panya wa maabara walioondolewa jeni ya kizuizi kimoja tu cha Wnt walikosa sehemu ya mbele ya kichwa. Ya tatu ni nodali, inayosaidia kuanzisha mstari wa mwanzo na baadaye hutumika tena kuutambulisha upande wa kushoto, unakoelekea moyo. BMP, Wnt, nodali: ukiyashika majina haya matatu, mengine yote katika makala hii yatafuatika. (Wadudu nao wana BMP na Wnt, ila kwao mpangilio wa mgongo na tumbo umepinduka: uti wa neva wa nzi uko tumboni.)

Kwa nini sheria ilisimama hapo

Mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili wa mama, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Miaka minne baadaye serikali iliunda kamati chini ya mwanafalsafa Mary Warnock kujibu swali lililokuwa linawasumbua watu: viinitete vinavyobaki maabara vifanyiwe nini? Ripoti ya mwaka 1984 ilipendekeza ukomo wa siku 14, na mwaka 1990 ukawa sheria.

Hoja mojawapo ya kamati ilikuwa ya pacha. Kabla ya mstari wa mwanzo, kiinitete kimoja bado kinaweza kugawanyika na kuwa watu wawili. Mstari ukishatokea, mlango huo unafungwa. Kwa hiyo, walisema, hapo ndipo unapoweza kuanza kuzungumzia mtu mmoja mahususi.

Wasomaji wetu wa Tanzania wanaufahamu upande mwingine wa hoja hii kuliko wabunge wa London. Maria na Consolata Mwakikuti walizaliwa wilayani Makete mwaka 1996 wakiwa wameungana. Walisoma hadi chuo kikuu mjini Iringa wakitaka kuwa walimu, na walifariki Juni 2018, nchi nzima ikiwalilia. Wanasayansi wana maelezo mawili kuhusu pacha walioungana. Wengine wanasema mihimili miwili huanza karibukaribu kwenye kisahani kimoja na haiachani kabisa. Wengine wanasema hutengana kisha hugusana na kuungana tena. Kwa vyovyote, chanzo ni siku hizihizi za mwanzo na mazungumzo haya ya protini. Si laana, na si jambo alilokula au kulitenda mama. Na hakuna aliyewahi kuwasikia Maria na Consolata wakizungumza akadhani anamsikiliza mtu mmoja.

Kwa miaka mingi sheria ya siku 14 haikumbana mtu, kwa sababu hakuna maabara iliyoweza kukifikisha kiinitete huko. Hali ilibadilika mwaka 2016. Timu mbili, moja ya Cambridge na nyingine ya New York, ziliviweka viinitete hai hadi siku ya 12 na 13, kisha zikasimamisha kazi kwa kuheshimu mpaka.

Siku tatu zinazofanana na 21

Wakati mjadala wa viinitete halisi ukiendelea, njia nyingine ilikuwa inafunguka pembeni, na hii ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walizipanda seli shina za binadamu kwenye visahani vidogo vya maabara, wakazimwagia BMP. Katika muda wa siku mbili hivi seli zilijipanga kwa pete, kila pete ikiwa tabaka mojawapo linalojenga mwili. Hazikuelekezwa na mtu. Mwaka 2018 chuo hichohicho kilitumia Wnt pamoja na protini inayofanya kazi kama nodali, zikapatikana seli za binadamu zenye uwezo wa kile kipande cha Mangold. Walipozipandikiza kwenye kiinitete cha kuku, seli za kuku zilianza kujenga uti wa neva wa pili. Seli za mtu zilitoa amri, za kuku zikaelewa. Hakuna kiinitete cha binadamu kilichoguswa, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Mwaka 2020 timu ya Cambridge ilitengeneza vidonge vya seli shina za binadamu vilivyorefuka vyenyewe na kupata mhimili wa mbele na nyuma, bila sehemu ya ubongo. Baada ya saa 72 vilikuwa na baadhi ya sifa za kiinitete cha siku 18 hadi 21. Mwaka 2023 Jacob Hanna na wenzake wa Taasisi ya Weizmann, Israel, walitangaza mfano kamili zaidi, wenye pia tishu zinazokizunguka kiinitete. Ulitokana na seli shina peke yake, bila yai, bila mbegu ya kiume, bila mji wa mimba. Baada ya siku 8 maabara ulifanana na kiinitete cha siku ya 14. Ni sehemu ndogo tu ya majaribio iliyofaulu, na hakuna mtaalamu makini anayedai kwamba mifano hiyo inaweza kuzaliwa mtoto.

Lakini sasa itazame sheria. Inahesabu siku tangu yai na mbegu vikutane. Kitu ambacho hakikutokana na yai wala mbegu kinaanza kuhesabiwa lini? Cha siku 3 kina sifa za siku 21, cha siku 8 kiko kwenye 14. Kalenda ilikuwa kipimo kizuri kwa sababu mwilini protini hufuata ratiba yake. Maabara mtafiti anaweza kuzimimina mwenyewe, kwa kipimo na wakati anaoutaka, na ratiba inavurugika.

Jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa seli shina, ISSCR, iliiondoa kanuni ya siku 14 kwenye orodha ya makatazo yake mwaka 2021. Mwaka 2025 iliongeza miongozo ya mifano: ni marufuku kuiweka katika mji wa mimba wa binadamu au mnyama, na ni marufuku kuikuza nje ya mwili hadi hatua ya kuweza kuishi. Onyo hilo halikuja bure. Mwaka 2023 watafiti wa China walikuwa wamekwisha kuiweka mifano ya kiinitete cha nyani katika matumbo ya nyani majike. Baadhi walionyesha dalili za mwanzo za ujauzito kabla haujaharibika. Miongozo ni kitu kizuri, ila haina polisi wala mahakama.

Wiki ambazo mama hajajua

Kuna sababu ya haki ya kutaka kuona kinachotokea kati ya siku ya 14 na ya 28, na kwa ukanda wetu ina jina: mgongo wazi. Baada ya mhimili kuwekwa, mgongo wa kiinitete hujikunja na kuwa mrija, nao ndio ubongo na uti wa mgongo wa baadaye. Hapa pia ni BMP na wenzake wanaouelekeza mkunjo. Mrija unatakiwa uwe umeziba karibu na siku ya 28. Usipoziba, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na wengi wao hupata pia kichwa kikubwa kwa maji kujaa kichwani.

Siku ya 28 mama wengi hawajajua kama ni wajawazito. Akienda kliniki mwezi wa tatu akapewa vidonge vya asidi ya foliki, mrija umekwisha kuziba au kushindwa kuziba. Ndiyo maana Kenya na Tanzania zinataka unga wa viwandani uongezewe foliki, na ndiyo maana familia inayosaga mahindi yake kwenye mashine ya mtaani mara nyingi haipati kinga hiyo. Utafiti mkubwa uliotolewa Uingereza mwaka 1991, kwa wanawake ambao tayari walikuwa wamepata mimba yenye tatizo hili, ulionyesha foliki inazuia asilimia 72 ya marudio. Asilimia 28 zinazobaki zinatuambia kuna mengine yanayoharibika katika mkunjo huo.

Panya hawatoshi kutujibu. Kiinitete cha panya katika hatua hii kina umbo la kikombe, cha binadamu ni kisahani bapa, na protini husambaa tofauti. Vielelezo vya binadamu vya wiki ya tatu ni adimu kupita kiasi: uchunguzi wa Oxford uliochapishwa mwaka 2021, uliosomwa kwa hamu dunia nzima, ulitegemea kiinitete kimoja.

Wapinzani wana hoja zao, na si za kupuuzwa. Kanisa Katoliki linahesabu uhai tangu yai kurutubishwa, kwa hiyo kwake hata siku ya kwanza ni nyingi mno. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huzungumzia roho kupulizwa siku ya 120, wengine siku ya 40, na hata hao hawasemi kwamba kabla ya hapo kiinitete ni kitu cha kuchezea. Wengine wasio na hoja ya dini huuliza tu: leo 28, kesho je?

Sisi tunaona siku 28, kwa viinitete vilivyotolewa kwa hiari na wenyewe na chini ya leseni, ni ombi linaloweza kutetewa kwa sababu lina mwisho unaoonekana, yaani kuziba kwa mrija. Tunachokitilia shaka ni kuona nguvu zote zikimalizikia hapo. Hata mwaka 1990 wabunge hawakuandika siku peke yake. Sheria yao inautaja mstari wa mwanzo kwa jina, kisha inasema utahesabiwa kuwa umetokea ifikapo siku ya 14. Walitunga sheria juu ya tukio na kalenda ikawa saa ya kulipimia. Kwa mifano ya seli shina, tukio hilo bado linaweza kuonekana kwa darubini, na protini zilizomwagwa zimeandikwa kwenye daftari la maabara.

Afrika Mashariki bado haijaingia kwenye meza hii. Kliniki za kupandikiza mimba zipo Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Kenya imejadili muswada wa uzazi wa kusaidiwa kwa miaka mingi, na Uganda nako uliwasilishwa bungeni. Mazungumzo mengi yamekuwa juu ya kumbebea mwingine mimba na nani aandikwe mzazi, mambo yenye uzito wake. Mifano isiyo na mzazi haimo. Seli shina husafirishwa kwa barafu kutoka nchi hadi nchi, na protini za kuzielekeza huuzwa kwa vichupa kama kemikali nyingine za maabara. Atakayeiandaa rasimu ijayo atalazimika kuamua kitu cha siku 3, kisicho na baba wala mama lakini chenye mstari, kiingie kwenye kifungu kipi.